Kichwa cha plasta mbele ya zulia la ukutani: kwa nini kinaonekana kama kimekatwa na kubandikwa?

Pindo aliuliza:

Habari zenu wadau. Naomba mnisaidie picha ya rangi ya mafuta, turubai sm 60 kwa 80. Mpangilio ni huu: sanamu ya plasta ya kichwa na mabega, mtindo wa Kigiriki, kimo sm 45. Nyuma yake zulia la ukutani la sufu lililofumwa maua na majani. Uwanja wake ni damu ya mzee, majani ya kijani, maua ya buluu na ya rangi ya dhahabu. Zulia linashuka hadi juu ya meza na kufanya mikunjo mitatu mikubwa, na sanamu imekaa juu yake. Pembeni kuna komamanga mawili. Taa ni moja, kushoto juu, sm 60 hivi kutoka kwenye paji la uso.

Yaliyoharibika:

1. Kichwa kimekuwa kama karatasi nyeupe iliyobandikwa juu ya kitambaa. Upande wa giza wa uso umekuwa kijivu chafu.
2. Maua kwenye mikunjo yanaelea, hayafuati kitambaa.
3. Uwanja mwekundu ulikauka na mabaka, kwingine unang'aa, kwingine umefifia kama vumbi.

Picha za kumbukumbu nimepiga, lakini kwenye picha plasta imeungua yote kuwa nyeupe. Nianze kurekebisha wapi?

---

Timazi_Wima alijibu:

Pindo, kabla ya kugusa rangi, sogeza taa. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali. Paji la uso likiwa sm 60 kutoka kwenye taa na kifua sm 100, kifua kinapata asilimia 36 tu ya mwanga wa paji. Macho yako yanazoea tofauti hiyo na hayakuambii, lakini kamera inaiona, ndiyo maana paji limeungua. Isogeze taa hadi mita 2 kutoka paji. Kifua kikiwa sm 240 kitapata karibu asilimia 70, na umbo litasomeka kuanzia juu hadi chini bila paji kuwa tochi. Pembe ya nyuzi 45 juu na 45 kushoto inatosha. Balbu iwe ya 5000K (mwanga mweupe kama wa mchana), kielezo cha uaminifu wa rangi 90 au zaidi, na balbu ya aina hiyohiyo imulike turubai yako. Ukichanganya rangi chini ya taa ya njano, asubuhi utashangaa.

Zima taa nyingine zote na ufunge dirisha. Vyanzo viwili vya mwanga vinaleta pande mbili za giza kwenye pua moja, na hapo hakuna rangi itakayokuokoa.

Sanamu iache nafasi ya sm 25 hadi 40 na kitambaa kinachoning'inia nyuma. Ikigusana nacho kabisa, kivuli chake kinakuwa mstari mweusi mwembamba ukingoni, na mstari huo ndio unaoleta sura ya kukatwa kwa mkasi. Ikiwa mbali mno, kivuli kinatoka nje ya picha na vitu viwili vinapoteza uhusiano.

Mchoro wa kwanza ufanye kwenye karatasi kwa mkaa, si moja kwa moja kwenye turubai. Simama umbali wa mara tatu ya upana wa mpangilio wote. Tundika uzi wenye kitu kizito mbele ya jicho lako, ndiyo timazi, upite kwenye kona ya ndani ya jicho la sanamu, kisha angalia unapita wapi kwenye pua, mdomo, kidevu na shingo. Vichwa vya mtindo huu vinasamehe kidogo sana. Pua ikihama milimita 3, sanamu inaanza kufanana na jirani yako. Kitako cha sanamu ni duara unaloliona kwa ubavu, basi kichore kama yai zima, hata sehemu ya nyuma isiyoonekana, halafu ufute.

---

Mkaa_na_Chaki alijibu:

Tatizo la 1 ni la toni, yaani kiwango cha giza na weupe, rangi inakuja baadaye. Chukua ngazi ya toni 10, 1 ni nyeusi na 10 ni nyeupe kutoka kwenye bomba. Kwa mpangilio wako na taa moja, hesabu inakuja karibu hivi:

Plasta inayotazama taa: 8 hadi 8.5. Sehemu mbili au tatu zenye mwanga mkali kabisa: 9. Mpito kuelekea giza: 7, kisha 6. Upande wa giza: 4 hadi 5. Tundu za pua, mashimo ya nywele, nyuma ya sikio: 2 hadi 3.

Uwanja wa damu ya mzee penye mwanga: 3 hadi 4, gizani 1.5 hadi 2. Majani ya kijani penye mwanga: 4 hadi 5. Maua ya dhahabu penye mwanga: 6, au 6.5 ukibana meno.

Sasa linganisha. Upande wenye mwanga wa uso ni 8 mbele ya kitambaa cha 3. Hapo ukingo ni mkali, sawa. Lakini shavu la upande wa giza ni 4 au 5, na kitambaa kilichomulikwa nyuma yake ni 3 au 4. Vinakaribia kuwa kitu kimoja! Ukingo huo unatakiwa upotee. Ukiuchora mkali kuzunguka kichwa chote kwa sababu "najua kichwa kinaishia hapa", umeshika mkasi. Fumba macho nusu utazame mpangilio, si turubai. Pale ambapo huoni mpaka, usiuweke.

Kosa la pili ni kutumia nyeupe tupu kwa uso wote. Plasta haing'ai kama kigae, mwanga wake wa juu kabisa ni mpana na mpole. Ukianzia 10 huna pa kwenda, na umbo lote la paji, kope na shavu linabanwa ndani ya hatua moja.

Kijivu chafu kinatokana na nyeusi na nyeupe peke yake. Mchanganyiko huo hutoka na ubuluu wa baridi uleule kila mahali. Changanya upande wa giza kwa nyeupe ya titani mafungu 4, amba mbichi (rangi ya udongo wa kahawia) fungu 1, ultramarini (buluu nzito) nusu fungu. Upande wa mwanga: nyeupe ya titani na oka ya manjano kiasi cha kichwa cha kiberiti. Titani inameza rangi nyingine, kwa hiyo ongeza kidogokidogo. Na brashi za mwanga zitengane na brashi za giza. Brashi moja inayovuka mpaka mara kumi ndiyo inayotengeneza ule uji.

---

Mshindio alijibu:

Mimi nitasemea kitambaa, maana wachoraji wengi wanakichukulia kama karatasi ya ukutani.

Zulia la ukutani si kitambaa kilichochapwa. Nakshi haiko juu ya nguo, nakshi ndiyo nguo. Nyuzi za mshindio (zinazopitishwa wakati wa kufuma) zimefunika mtande wote (nyuzi zilizotandwa kwanza), na kila rangi inaishia pale umbo lake linapoishia. Matokeo yake ni kitu kizito na kinene, kisichong'aa. Mikunjo yake ni michache na ya mviringo kama mabomba, haina zile kona kali za pamba nyembamba. Ukiona mikunjo ya turubai yako imechongoka kama karatasi iliyofinyangwa, umeshaipoteza sufu hata kabla ya ua la kwanza.

Jambo ambalo watu hawalijui: mazulia ya ukutani ya Ulaya kwa kawaida yalifumwa yakiwa yamelala ubavu. Yakitundikwa, nyuzi za mtande zinalala mlalo, hivyo vimatuta vidogo vinavyoonekana juu ya uso wa kitambaa vinakwenda kushoto na kulia. Ile mistari midogo ya kuchanganya rangi mbili, inayoingiliana kama meno ya kitana, inasimama wima. Chora meno hayo wima kwenye sehemu inayoning'inia. Kitambaa kikipinda kuja mezani, yanageuka pamoja nacho.

Maua yako yanaelea kwa sababu uliyachora yote yakitazama mbele. Fanya hivi:

Kwanza paka kitambaa kama vile hakina nakshi kabisa. Damu ya mzee tupu, mgongo wa mkunjo na bonde lake, toni mbili na mpito kati yake. Usiendelee hadi mikunjo itakaposimama yenyewe bila ua hata moja.

Pili, kwa chaki, chora mistari mlalo ikifuata vimatuta vya mtande. Kwenye sehemu bapa inanyooka, kwenye mkunjo inapanda mgongoni na kuzama bondeni. Mistari 12 hadi 15 inatosha. Hiyo ndiyo ramani yako.

Tatu, pima marudio ya nakshi kwenye zulia lenyewe. Tuseme ua kubwa linarudi kila sm 24. Weka alama za katikati ya maua tu, zikikaa juu ya mistari ya chaki. Ua la upana wa sm 10 kwenye sehemu bapa linakuwa yai la sm 4 kitambaa kinapogeuka ubavu, kisha linamezwa na bonde, kisha kipande chake kinatokeza ng'ambo ya pili. Kipande kilichomezwa usikihurumie.

Nne, tengeneza malundo manane kwenye paleti: nyekundu, kijani, buluu na dhahabu, kila moja mwanga na giza. Ua lililo nusu mgongoni na nusu bondeni linapakwa kwa malundo mawili, na mpaka wake ni mpaka wa mkunjo, haujali petali iko wapi. Hapa ndipo watu wengi wanaposhindwa: wanamaliza ua zima kwa rangi moja halafu wanajaribu kulitia giza juu yake. Kijani cha gizani kisiwe kijani na nyeusi. Kivute kuelekea uwanja mwekundu kwa sienna iliyochomwa (udongo wa kahawia-nyekundu) kidogo, kipungue ukali.

Nne na nusu: kivuli cha kichwa kinachoangukia zulia. Kinavunjika kila kinapokutana na mkunjo, na maua yote yaliyo ndani yake yanahamia malundo ya giza. Kivuli hicho kikikosekana au kikipita juu ya maua kama moshi, sanamu haitatua mezani hata uifanyie nini.

Vimatuta usivichore kimoja kimoja. Sufu nzuri ina mitande kama 5 hadi 8 kwa sm 1, na hapo umepunguza ukubwa wa kila kitu. Rangi ikiwa nzito, bila mafuta ya ziada, ivute kwa brashi ya manyoya ya nguruwe karibu kavu, mlalo, penye mwanga tu. Gizani acha laini. Punje za turubai zitafanya kazi iliyobaki.

---

Pindo aliandika:

Asanteni sana, nimeanza kuona nilipopotea. Maswali mawili. Mshindio, nianze na kitambaa au kichwa? Na je, nipake maua yote? Ni mengi mno, kama 60.

---

Mshindio alijibu:

Kitambaa kwanza, tabaka la chini lote. Toni ya plasta huwezi kuihukumu ikiwa imezungukwa na turubai nyeupe. Utaiona nyeusi, utaipausha, halafu kitambaa kikija inakuwa taa.

Maua: matano hadi saba yaliyo karibu na kichwa na kwenye mkunjo wa mbele yachore kwa ukamilifu. Yanayofuata yawe madoa yenye umbo. Ya pembeni kabisa yawe mabadiliko tu ya rangi ndani ya uwanja. Ua jeupe au la dhahabu lisipite toni ya mpito wa plasta, ile 7 aliyotaja Mkaa. Likipita, jicho linakwenda kwenye ua na kichwa kinageuka pambo la zulia.

---

Paleti_ya_Mbao alijibu:

Nakubaliana na wengi hapo juu ila si na kila kitu. Mnaongea kana kwamba kubandikwa ni kosa siku zote. Mchoraji Mfaransa Matisse mwaka 1909 alichora kitambaa chake cha buluu kikipanda kutoka mezani hadi ukutani bila mkunjo wala mpaka, nakshi imekaa bapa kabisa, na picha hiyo iko kwenye makumbusho ya Hermitage, Urusi, hadi leo. Mwenzake Cézanne miaka ya 1890 alichora kikombozi cha plasta, yule mungu-mtoto wa mapenzi wa Kirumi, mbele ya turubai zilizoegemezwa ukutani. Kitambaa cha buluu kilicho mbele kinaungana na kile kilichochorwa ndani ya turubai ya nyuma hadi hujui kipi ni kipi. Picha hiyo iko kwenye jumba la sanaa la Courtauld, London. Wote wawili walijua wanachofanya. Kwa hiyo Pindo, amua kwanza. Ukitaka nakshi bapa, basi hata kichwa kipunguzie mviringo: toni tatu, kingo za mstari, hakuna mpito laini. Kinachokataa ni kichwa cha mviringo kamili juu ya kitambaa bapa. Hapo una picha mbili kwenye turubai moja.

Tena kuna jambo la rangi ambalo halijaguswa. Chevreul, mkemia aliyesimamia upakaji rangi nyuzi katika karakana ya mazulia ya Gobelins, Paris, kuanzia 1824, alipelekewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi hazina kina. Akazipima, rangi iliyotiwa kwenye nyuzi ilikuwa nzima. Weusi ulififia kwa sababu ya rangi zilizofumwa kando yake. Matokeo aliyachapisha 1839. Fundisho kwako: plasta iliyozungukwa na damu ya mzee inaonekana ya kijani kidogo hata kama hukutia kijani. Ukichora kijani unachokiona, kinajumlishwa mara mbili na sanamu inaonekana mgonjwa. Kata kadi ya kijivu yenye tundu la sm 1, tazama shavu kupitia tundu hilo bila kuona kitambaa, ndipo uchanganye.

---

Mkaa_na_Chaki alijibu:

Paleti, "kikombozi" umekitoa wapi? Ni sanamu ya Cupid, sema hivyo watu wakuelewe. Mengine sina ugomvi nayo, kadi yenye tundu ni silaha nzuri.

Niongeze mwanga wa kurudi, maana ndio gundi ya kweli kati ya sanamu na zulia. Kitambaa chekundu kilichomulikwa mezani kinarudisha mwanga wake juu, kwenye sehemu za plasta zinazotazama chini: chini ya taya, chini ya pua, tumbo la mdomo wa juu, chini ya nyusi. Kwenye mchanganyiko wa giza niliokupa, punguza ultramarini, tia sienna iliyochomwa na nyekundu kiasi cha punje ya mchele. Joto linaongezeka, toni haipandi. Hata pale unapouona unang'aa, usivuke 5. Jaribio: fumba macho nusu, upande wa giza wote uwe bonge moja. Kipande kikichomoza chini ya taya, umekipandisha mno, na taya itaonekana kama bati.

Hili ni la plasta tu. Marumaru hupitisha mwanga kidogo ndani yake, kwa hiyo mpaka wa giza unakuwa laini na wenye joto, hasa masikioni na puani. Plasta haipitishi, mpaka wake ni mkavu zaidi. Wengi wanachora plasta kwa kuangalia picha za marumaru, matokeo yake ni nta.

---

Paleti_ya_Mbao alijibu:

Cupid, sawa mkuu, nimekubali.

Pindo, tatizo la 3. Hayo mabaka ni rangi iliyozama: mafuta yamenyonywa na tabaka la chini, rangi ya juu ikabaki kavu. Chanzo ni geso (tabaka jeupe la msingi la turubai) inayonyonya sana, tapentaini nyingi mno, au amba, ambayo huzama kuliko rangi nyingi. Subiri rangi ikauke isishike kidole. Changanya mafuta ya kitani na tapentaini kwa kiasi sawa, matone machache kwenye kitambaa safi, sugua sehemu iliyofifia, acha dakika 10, kisha futa hadi ibaki kama haijapakwa kitu. Ipake rangi siku hiyohiyo. Usijaze mafuta kila baka ukayaacha hapo, yatageuka manjano na kunata.

Usizibe mabaka kwa vanishi ya mwisho. Hiyo inasubiri miezi 6 hadi 12.

Kwa matabaka, lililo juu liwe na mafuta zaidi ya lililo chini. La kwanza rangi na tapentaini tu. La pili tapentaini mafungu 2 kwa mafuta fungu 1. La tatu nusu kwa nusu. Ukigeuza mpangilio huo, tabaka la juu linakauka kabla ya la chini na picha inapasuka. Nyekundu nzito zinachelewa kukauka, zaidi ya wiki, wakati amba inaweza kukauka kwa siku moja hadi tatu. Kwa hiyo amba chini, nyekundu juu, usifanye kinyume. Nyeupe ya zinki usiiweke tabaka la chini, ikizeeka inakuwa ngumu na kuvunjika.

Damu ya mzee yenye kina haipatikani kwa kupaka nene mara moja. Chini weka amba iliyochomwa na nyeupe kidogo, hatua moja juu ya toni unayoitaka. Ikikauka, pitisha utando mwembamba wa nyekundu inayopitisha mwanga. Alizarini ya asili hupauka ikipakwa nyembamba, chagua kwinakridoni, nyekundu ya kisasa, badala yake. Penye bonde la mkunjo pitisha mara mbili.

---

Timazi_Wima alijibu:

Na matambara yenye mafuta ya kitani usiyakunje ukayatupa kwenye kapu. Yanapokauka yanazalisha joto, na yakiwa yamebanwa yanaweza kuwaka bila kiberiti. Yatandaze nje moja moja yakauke, au yaingize kwenye kopo la bati lenye maji na mfuniko.

---

Pindo aliandika:

Nimesogeza taa hadi mita 2, kivuli cha kichwa sasa kinapita kwenye mikunjo miwili. Kichwa nitakikwangua au nipake juu yake? Rangi ina wiki tatu, pana unene paji na puani.

---

Mkaa_na_Chaki alijibu:

Kwangua. Matuta ya zamani yatajitokeza chini ya rangi mpya kila taa inapopiga ubavu, na kwenye paji la sanamu hakuna pa kuyaficha. Tumia kisu cha paleti kwenye unene, kisha msasa laini wenye maji, kama namba 400, usisugue ukiwa mkavu maana vumbi la rangi si la kuvuta puani. Kama ulitumia nyeupe ya risasi, acha msasa kabisa, kwangua tu na uvae glavu. Futa, paka upya kitambaa kinachozunguka kichwa hadi kiingie sm 1 ndani ya mstari wa uso, halafu kata ukingo wa shavu kwa rangi ya plasta ikiwa kitambaa bado kibichi. Upande wa giza utapotea wenyewe.